Kifua cha ukoo: jinsi ya kujua nani nyumbani kwenu yuko karibu na TB, na mfanye nini

Huku kwetu Tanga mtu akikohoa mwezi wa pili unaingia utasikia barazani "aa, huyo kifua cha kwao, hata babu yake aliondoka nacho." Nimekulia Ngamiani nikiisikia hiyo kauli na kwetu sisi imetugharimu. Baba yangu mdogo alianza kukohoa siku chache baada ya Idi ndogo, tukaenda mpaka Idi kubwa ndo akapimwa, kwa sababu nyumba nzima ilishaamua kwamba hayo ni mambo ya ukoo na mambo ya ukoo utayafanyaje. Zahanati aliyopita mwanzo alipewa dawa ya kikohozi ya chupa mara tatu, hamna aliyemwambia lete makohozi. Alipona alhamdulillah, lakini alipoanza dawa yeye mtoto wa dada yangu wa miaka mitatu na yeye alishakuwa na TB, na hilo ndo linaloniuma mpaka leo.

Kwahiyo nimeandika hizi hatua kwa ajili ya nyumba yoyote yenye hiyo historia. Ukoo unachangia, sisemi hauchangii, ila mkifuata hizi hatua mtaona vingi mnavyoviita vya ukoo vinashikika kwa mkono.

Hatua ya 1: tenganisha kuwa na mdudu na kuumwa

Hapa ndo watu wengi wanachanganya. Mdudu wa TB anaingia kwa hewa, mtu mwenye TB ya mapafu anakohoa, anapiga chafya, anaongea, anaimba kaswida, vile vichembe vinabaki vinaelea na wewe unavuta. Ukishavuta, mara nyingi mwili unamfungia mdudu mahali, analala, huumwi, huambukizi mtu. Inakadiriwa kama robo ya watu wote duniani wanaye hivyo hivyo amelala, na kati ya watu 100 wenye naye ni kama 5 mpaka 10 tu ndo watakuja kuugua maishani mwao, na wengi wa hao wanaugua ndani ya miaka 2 ya mwanzo.

Mdudu mwenyewe alitangazwa na Robert Koch kule Berlin tarehe 24 Machi 1882 ndo maana siku ya TB duniani ni tarehe hiyo (huyo Koch baadae enzi za Mjerumani alifika mpaka milima yetu ya Usambara kuchunguza malaria). Tangu hapo swali kubwa limebaki: mdudu ni huyo huyo, kwa nini huyu anaanguka na yule aliyelala naye kitanda kimoja anadunda tu?

Kuna mkasa wa mji wa Lübeck, Ujerumani, mwaka 1930. Watoto wachanga 251 walinyweshwa chanjo ambayo kwa uzembe wa maabara ilikuwa imechanganyika na wadudu wa TB wazima wakali. Watoto 72 walikufa kwa TB. Lakini waliobaki, walio wengi, waliugua wakapona na enzi hizo hamna hata dawa moja ya TB. Kiasi cha wadudu walichomeza hakikuwa sawa kwa wote na hilo lilichangia, ila bado inaonyesha miili haifanani mbele ya huyu mdudu.

Hatua ya 2: kaeni chini mchore ukoo

Chukua daftari, tafuta mtu mzima wa nyumbani anayekumbuka, kwetu ilikuwa shangazi. Tulikaa ukumbini baada ya alasiri, chai na mahamri, nikachora babu na bibi juu, watoto wao saba chini, halafu wajukuu. Kwa kila aliyewahi kuumwa kifua au kufa kwa kukohoa nikamuuliza mambo manne: alikuwa na umri gani, alilala chumba gani na nani, alikuwa anafanya kazi gani, na alikuwa na ugonjwa gani mwingine. Na walioishi nyumba hiyo hiyo WASIUMWE pia niliandika, msiwasahau hao, ndo wanaokufundisha.

Waliougua kwetu, ukiacha yule mtoto wa dada, ni watatu, babu, shangazi mkubwa ambaye ni marehemu, na baba mdogo. Nilipoandika vyumba nikaona wote watatu kwa nyakati tofauti walilala chumba cha uani, kile ambacho dirisha lake lilizibwa na kabati toka mimi sijazaliwa. Ndugu zao wawili walioolewa Muheza wakaondoka mapema, damu ile ile, hawajawahi kuumwa.

Halafu nikauliza magonjwa mengine. Shangazi akanyamaza kidogo akasema, unajua babu yako alikuwa anaamka usiku mara nne tano kwenda nje, na asubuhi pale alipokojoa ukutani palikuwa pamejaa sisimizi, tulikuwa tunawafagia. Nikaweka kalamu chini. Baba mdogo alipopimwa TB alipimwa na sukari ikakutwa juu, yeye mwenyewe hakuwahi kujua. Na shangazi mkubwa alikuwa na kidonda cha mguu kilichokataa kupona miaka miwili. Kilichokuwa kinatembea kwenye ukoo wetu, nionavyo mimi, ni kisukari, na TB ilikuwa inafuata nyuma yake ikimkuta mtu kwenye chumba kisicho na hewa.

Nyie mtakuta cha kwenu, inaweza kuwa kitu kingine kabisa. Ila chora, usikisie.

Hatua ya 3: jua damu inachangia nini na isichochangia

Nyumba nyingi ama wanaikataa damu kabisa ama wanaitupia kila kitu, kwahiyo hapa naenda taratibu.

TB hairithiwi. Mtoto hazaliwi na TB kwa sababu baba yake alikuwa nayo. Kinachoweza kurithiwa ni namna mwili unavyopambana, yaani vinasaba vinavyotengeneza zile seli walinzi zinazommeza mdudu. Tafiti za zamani za mapacha zilionyesha kwamba pacha mmoja akiugua, mwenzake anaugua mara nyingi zaidi kama ni mapacha wa kufanana kabisa kuliko wasiofanana, na wote wamelelewa nyumba moja, kwahiyo damu ina neno lake. Mwaka 1998 ikatoka kazi iliyofanyika Gambia, ikaonyesha mabadiliko fulani kwenye kinasaba kinachoitwa NRAMP1, kinachofanya kazi ndani ya hizo seli walinzi, yalionekana zaidi kwa walioumwa TB kuliko wasioumwa. Vimetajwa na vingine vingi baada ya hapo, kila kimoja kinasukuma kidogo kidogo. Kwa mtu wa kawaida hamna kipimo cha damu cha kukwambia wewe utaugua au hutaugua, mtu akikuuzia kipimo hicho mtaani usimpe hela yako.

Kuna watu wachache sana ambao kwao kinasaba kimoja tu kimeharibika na kinga dhidi ya wadudu wa aina hii inakosekana karibu yote. Dalili ya kushtua ni mtoto ambaye chanjo ya BCG yenyewe, ile inayoacha kovu begani, imemletea ugonjwa mkubwa unaosambaa mwilini, au anayerudiwa rudiwa na maambukizi mazito yasiyo ya kawaida, na ndugu zake wamewahi kupata hivyo hivyo au kufa wadogo. Mara nyingi hali hizi zinatokea pale mtoto anapopokea kinasaba kibovu kwa baba na kwa mama, na hilo linakuwa rahisi zaidi wazazi wakiwa wa damu moja. Huku pwani kuoana mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni jambo la heshima na silisemei vibaya, wengi wanazaa watoto wazima kabisa, ila ukiwa kwa daktari na mtoto wa namna hiyo mwambie wazi kwamba mimi na mume wangu ni binamu, usione aibu, ni taarifa inayomsaidia. Na hii isikufanye umnyime mtoto wako BCG, hao ni wachache mno, na chanjo inawakinga watoto wadogo na TB mbaya ya ubongo na ile ya kusambaa.

Kingine kinachopita kwenye damu ambacho watu hawakifikirii ni hicho cha kisukari nilichokisema. Mwenye kisukari anaugua TB kama mara 2 mpaka 3 zaidi ya asiye nacho. Kwahiyo ukoo wenye sukari wapimeni sukari.

Hatua ya 4: pitieni mnayoweza kubadilisha, anzeni na mazito

La kwanza VVU. Hamna kinachomwamsha mdudu aliyelala kama hicho, hatari inapanda zaidi ya mara 10. Ukipima, ukakutwa nayo, ukaanza ARV mapema na kuzimeza vizuri, hatari inashuka sana, na unapewa na dawa ya kinga ya TB. Pimeni jamani, nyumba nzima.

La pili sukari, tumeshaongea. Ukiwa nayo ishushe, maana sukari iliyo juu muda wote ndo inayolegeza walinzi.

La tatu chakula, na hapa nataka mnisikilize kwa sababu watu wanaona ni kitu kidogo. Mtu mwenye utapiamlo anaugua TB kama mara 3 zaidi. Mwaka 2023 zilitoka taarifa za utafiti mkubwa uliofanyika jimbo la Jharkhand, India, familia za wagonjwa wa TB walipewa kila mwezi mchele na jamii ya kunde pamoja na vitamini, si dawa, chakula tu, na walioishi na mgonjwa wakaugua pungufu kwa karibu asilimia 40 kulinganisha na familia ambazo chakula alipewa mgonjwa peke yake. Yaani mbaazi na wali! Sisi Tanga mbaazi za nazi ndo zetu, dagaa wapo, machungwa ya Muheza msimu wake yanamwagika. Shida ni pale nyumba inapokula mhogo na chai ya rangi asubuhi, ugali na mchicha usiku, wiki nzima hamna kunde wala samaki. Na akiumwa mmoja anapewa yeye supu, wanaomuuguza wanalala na uji. Wanaouguza nao wale, hasa watoto na wajawazito.

La nne sigara, inakaribia kuzidisha hatari mara mbili, na moshi wa mwenzako nao umo. Wengine mnavuta mkipokezana kipisi kimoja vichwa vimekaribiana, hapo mnavuta na pumzi ya mwenzenu. Pombe ya kila siku ya kuzidi nayo inapandisha sana, kwanza inashusha kinga yenyewe, pili mnywaji hali vizuri, tatu vilabu vyenyewe ni vyumba vya giza watu wamebanana. Moshi wa kuni jikoni pia si rafiki wa mapafu, kama hamna uwezo wa gesi basi jiko litoke nje au lipate upenyo wa moshi.

La tano wachimbaji. Vijana wetu wengi wanakwenda machimbo ya dhahabu Handeni na Kilindi, wengine Mirerani. Vumbi la mawe yale, hasa kwenye makarasha ya kusagia, linakaa kwenye mapafu halitoki, na pafu lenye vumbi hilo TB inalipenda. Mwagia maji jiwe kabla ya kulisaga, jifunge kinga ya pua inayobana kweli, si leso. Na akirudi nyumbani anakohoa msimwambie ni vumbi tu litaisha.

Hatua ya 5: fungua nyumba

Kumtengea mgonjwa sahani na kikombe hakuzuii TB. Haiambukizi kwa sahani, wala kijiko, wala kumpa mkono, wala nguo. Kwetu baba mdogo alitengewa sahani yake ya bati na ilimuumiza sana moyo, huku analala na watoto wawili kwenye chumba kilichozibwa. Tulikuwa tunalinda pasipopita kitu na pale mdudu alipokuwa anapita tumepaacha wazi.

Sogeza kabati. Fungua madirisha ya pande mbili ili hewa ipite, nyumba zetu za Kiswahili zenye ukumbi katikati zina bahati, ukifungua mlango wa mbele na wa uani upepo wa bahari unapita moja kwa moja, ila vyumba vya pembeni navyo vifunguliwe viupokee. Jua liingie, mdudu hapendi mwanga wa jua. Sisi tulimwita fundi akatoboa dirisha jipya lenye nondo na wavu wa mbu, kwa sababu watu wengi wanaziba kwa kuogopa wezi na mbu na wana haki kuogopa. Mgonjwa alale peke yake wiki za mwanzo za dawa kama inawezekana, mchana akae nje chini ya mwembe, akikohoa afunike mdomo kwa kitambaa au kiwiko.

Vibanda umiza nao jamani. Watu sitini kwenye banda la mabati limefunikwa na maturubai, dakika tisini na nyongeza, wanapiga kelele goli likiingia. Mwenye banda acha sehemu ya juu ya ukuta wazi, picha itaonekana tu.

Hatua ya 6: nendeni mkapime, wote mliomo kwenye daftari

Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku mpaka shuka inalowa, kukonda, makohozi yenye damu, yoyote kati ya hayo nenda. Mwenye VVU asisubiri wiki mbili. Mtoto mdogo anaweza asikohoe sana, utaona tu haongezeki uzito, hachezi.

Ukifika kituoni sema neno lenyewe: "nataka kupimwa TB, nyumbani tuna mgonjwa." Usiseme nina kikohozi ukanyamaza, yaliyotukuta nimewaeleza. Utapewa kopo la makohozi. Makohozi ni yale mazito yanayotoka chini kifuani, mate hayasaidii: sukutua mdomo kwa maji, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kohoa kwa nguvu kutoka tumboni, ya asubuhi ukiamka ndo mazuri zaidi. Toa ukiwa nje kwenye hewa, si chumbani. Kipimo cha GeneXpert kinamuona mdudu na kinaonyesha papo hapo kama ni sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za TB. Kipimo na dawa za TB ni bure kwenye vituo vya serikali.

Nenda na lile daftari. Nesi wa kliniki ya TB nilipomuonyesha la kwetu aliita kila jina. Watoto wa chini ya miaka 5 wanaoishi na mgonjwa, wakikutwa hawana TB, wanapewa dawa ya kinga, ya aina gani na kwa muda gani watapangiwa pale, msiikatae kwa kusema mtoto mzima anapewaje dawa.

Hatua ya 7: wakati wa dawa

TB ya kawaida ni miezi 6, dawa nne miezi 2 halafu mbili miezi 4. Mtaalamu mmoja aitwae Karel Styblo alisaidia kuujenga mpango wa kumsimamia mgonjwa mpaka amalize hapa hapa Tanzania kuanzia 1977, na dunia ikaja kuuiga. Msiache mwezi wa pili mtu akinenepa.

Mkojo na machozi vikiwa rangi ya chungwa ni rifampisini, si hatari. Macho yakiwa ya njano, kichefuchefu, tumbo linauma upande wa ini, rudi kituoni siku hiyo hiyo. Hapa pia damu inajitokeza: kuna watu vinasaba vyao vinavunja isoniazidi, dawa nyingine ya TB, taratibu, dawa inakaa mwilini muda mrefu, ndo hao wanaopata zaidi ganzi na kuwaka moto nyayo au shida ya ini. Ganzi inazuilika kwa vitamini B6, ulizia. Rifampisini nayo inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya vidonge vya sukari, kwahiyo taja dawa zako zote. Na kwa watu wa pwani nasisitiza hili, ukiwa kwenye isoniazidi jihadhari na jodari na samaki wa jamii yake waliokaa juani, kuna mtu anakula uso unawaka moto, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Nunua aliyetoka majini asubuhi au aliyekuwa kwenye barafu.

Mkimaliza, wale mlioishi na mgonjwa endeleeni kujiangalia miaka 2. Sisi tarehe ya mwisho tumeiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni, na kila mwisho wa mwezi dada anampeleka mwanae kwenye mzani.